Weupe Ndani ya Bua

Tafakari ya juma
Somo: Mathayo 13:24–30

Wapendwa, juma lililopita nilimtembelea mama mmoja wa ushirika wetu shambani kwake, hapa Mambrui, upande wa kwendea Gongoni. Mahindi yake yalikuwa yamefika kiunoni. Mengi yalikuwa mazima, ila hapa na pale jani la katikati lilikuwa limekauka, ukilivuta lachomoka lenyewe. Alama hiyo twaijua sote: bungua, kiwavi atoboaye mabua, ameingia.

Mama akakata bua moja, akalipasua kwa kisu. Kiwavi tulimkuta amenywea, na kando yake vidude vidogo vyeupe vimeshikamana kama chenga za mchele zilizofungwa kwa pamba. "Mchungaji, si mayai yake haya?" akauliza, na kidole gumba kilikuwa tayari kuviponda. Nikamwambia, "Usiviponde, mama. Hao ndio walinzi wako."

Bungua anayetusumbua sana huku Pwani si mwenyeji. Asili yake ni Asia, na barani Afrika alianza kuonekana Malawi katika miaka ya 1930. Nondo wake hutaga usiku. Viwavi hula majani siku chache, kisha hutoboa bua na kuishi ndani, mahali ambapo dawa ya kunyunyiza haiwafikii. Ndipo mwaka 1993 watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu chenye makao yake Nairobi, walipowaachilia katika mashamba ya Pwani yetu nyigu wadogo mno waliotoka Pakistani. Nyigu huyu hamuumi mtu. Humfuata bungua hadi ndani ya tundu lake na kutaga mwilini mwake. Wengine hung'atwa na kiwavi wakafia humo humo. Lakini watoto wao hukua, hutoka, na kila mmoja hujifungia kifuko cha hariri nyeupe. Huo ndio weupe aliotaka kuuponda mama. Nyigu hao wamezaliana na kuenea, na bungua wakapungua.

Nami nina la kuungama. Miaka ya nyuma niliona majani yametobolewa shambani mwangu, nikapiga dawa shamba zima kwa hasira. Bungua walikuwa wamekwisha kujificha ndani ya mabua. Niliowaua ni buibui, siafu, nyuki, na bila shaka nyigu hawa pia. Msimu uliofuata bungua walirudi wengi zaidi, wala hapakuwa na wa kuwazuia.

Katika somo letu, watumishi waliona magugu katikati ya ngano, wakawa tayari kuyang'oa siku ile ile. Mwenye shamba akawazuia. Hakusema magugu ni mema; alijua vizuri ni kazi ya adui. Alichohofia ni mikono ya watumishi wake. Mizizi ilikuwa imeshikana; wakiyang'oa magugu wangeing'oa na ngano. Aliipenda ngano yake kuliko alivyoyachukia magugu.

Subira hiyo si uvivu. Mkulima asiyetumia sumu ana kazi nyingi, na kazi yenyewe huanzia machoni. Huamka mapema akafunua majani. Akikuta mayai ya viwavijeshi, wale waliotuingilia nchini mwaka 2017, huyaponda kwa vidole. Hutia majivu au mchanga ndani ya moyo wa mhindi. Hutwanga mbegu za mwarobaini, mti uliojaa hapa kwetu, akaziloweka usiku kucha, akachuja maji yake na kuyatia pale pale kiwavi alipo. Baada ya mavuno haachi mabua shambani, kwa kuwa bungua hulala humo akingoja mvua, bali huwapa mbuzi. Wenzetu wa kandokando ya Ziwa Victoria, tangu mwaka 1997, wamekuwa wakitumia kilimo cha sukuma-vuta: kati ya mistari ya mahindi hupanda desmodiamu, ambayo harufu yake huwafukuza nondo, na pembezoni hupanda mabingobingo, ambayo huwavuta wakatage huko nje.

Sasa, wapendwa, niruhusuni nitoke shambani niingie nyumbani. Katika kaunti yetu ya Kilifi, mtoto akiugua au mazao yakiharibika, wapo wanaotafuta mchawi, na jicho huwaangukia wenye mvi. Wazee wetu wameuawa kwa shutuma hizo. Wengine wamelazimika kuziacha nyumba walizojenga kwa mikono yao na kukimbilia hifadhi ya Kaya Godoma, kule Ganze. Weupe wa nywele umegeuzwa kuwa ushahidi wa ubaya, na mkono umeinuka kabla ya bua kupasuliwa. Nani atatukumbusha mipaka ya shamba, nani atatuombea, nani atatupatanisha, tukiwamaliza waliotulea?

Juma hili nawaomba mambo mawili. Kabla hujapiga dawa, pasua bua uone kilichomo. Na kabla hujarudia neno ulilosikia juu ya mzee yeyote, nenda ukaketi naye, umsikilize mpaka jua litue.

Yule mama alilirudisha bua lake taratibu, akalilaza kivulini chini ya mahindi mengine, ili walinzi watoke kwa wakati wao.

Tuombe. Ee Bwana, mwenye shamba, izuie mikono yetu inapokimbilia kung'oa. Tupe macho ya kuwatambua uliotuwekea kutulinda, wadogo kwa wakubwa. Uwarudishe wazee wetu nyumbani kwa amani, na mavuno yetu yasiwe na damu ya mtu. Amina.