Asubuhi ya Pili Kapernaumu

Tafakari ya wiki: Marko 1:29–39

Jioni ile mji mzima wa Kapernaumu ulijaa mlangoni pa nyumba ya Simoni. Yesu aliponya wengi. Alfajiri, giza bado lipo, akatoka peke yake kwenda kusali. Simoni na wenzake wakamtafuta hadi wakampata, wakamwambia kwamba kila mtu anamuulizia. Watu walitaka ya jana yarudiwe. Yeye akawaongoza kwenda vijiji vingine.

Ndugu zangu wa korali, nimeitafakari asubuhi hiyo kwa ajili yenu. Wimbo wenu ukishapendwa, ukapigwa redioni, harusini na kwenye simu za vijana kutoka Butembo hadi Beni, albamu ya pili inageuka mzigo. Mpiga kinanda anaombwa mdundo uleule, mtunzi anabadili maneno mawili matatu. Makofi yanapigwa, lakini roho zinarudi nyumbani na njaa. Hata kundi la roki la Radiohead, kule Uingereza, lilidaiwa wimbo mmoja, "Creep" wa 1992, kila lilipopanda jukwaani, mpaka lilipotoa albamu ya The Bends mwaka 1995.

Aliye karibu nasi zaidi ni mwanamuziki Remmy Ongala, mwana wa Kindu, hapa Kongo. Alizaliwa mwaka 1947, akabaki yatima angali mdogo. Mwaka 1978 akafika Dar es Salaam kupiga katika Orchestra Makassy ya mjomba wake, kisha akaongoza Super Matimila. Mwaka 1989 kampuni ya muziki ya Real World ya Uingereza ilitoa albamu yake, Songs for the Poor Man, na Ulaya ikamjua. Albamu ya Mambo ikafuata mwaka 1992. Wasikilizaji wale wa Ulaya wangeridhika na gitaa na dansi tupu, maana wengi hawakujua Kiswahili. Yeye akatia na Kiingereza ili wamwelewe, lakini hakuwaacha maskini wake. Miaka hiyohiyo aliimba "Mambo kwa Soksi", juu ya kondomu na Ukimwi, redio ya taifa ya Tanzania ikakataa kuupiga. Kanisa lina lake la kusema kuhusu kondomu. Hata hivyo namheshimu mtu aliyeona wenzake wanazikwa, akakataa kunyamaza ili abaki kupendwa. Miaka yake ya mwisho aliacha dansi, akaimba Injili, hadi alipofariki Desemba 2010.

Sisi je? Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanauawa kwa mapanga mashambani na vijijini mwao. Kuanzia 2018 hadi 2020 Ebola iliua zaidi ya watu 2,200 katika Kivu Kaskazini na Ituri, na hapa kwetu tulizika wapendwa wetu bila kuwagusa. Ni nyimbo ngapi za korali zetu zimebeba haya? Chache mno. Tunaimba ushindi, kisha ushindi tena. Daudi hakuona haya kulia mbele za Mungu, na Zaburi zinazotuita kumwimbia Bwana wimbo mpya zimo katika kitabu kilekile chenye maombolezo mengi.

Basi, wanakorali, kabla ya kulipia studio, nendeni kwanza mkakae na familia zilizokimbia mauaji ya Eringeti na Mbau. Waulizeni wanasali vipi usiku. Msiwahimize kusema, wala msipeleke kamera. Kisha salini, ndipo mtunge.