Kusimama Mstari wa Nyuma

Katika mbio za baiskeli za milimani, nafasi za kuanzia kwa kawaida hupangwa kwa kufuata matokeo yaliyopita. Wenye alama nyingi husimama mbele. Anayeshindana kwa mara ya kwanza husimama mstari wa mwisho, akitazama migongo ya wenzake. Ishara ikitolewa, wa mbele huwahi kuingia kwenye njia nyembamba inayopitisha baiskeli moja moja, na wa nyuma husongamana hapo wakila vumbi. Dakika 5 hazijaisha, naye mwanagenzi ameshajua kwamba leo hatashinda.

Basi, ndugu msomaji, swali langu ni hili: je, ni vyema mtu aingie katika shindano ambalo anajua hana namna ya kulishinda? Swali hili si la wapanda baiskeli peke yao. Wapo walioacha kuimba kwaya, walioacha kusali kwa sauti mbele ya wenzao, walioogopa kurudi darasani wakiwa watu wazima, kwa sababu hiyo hiyo. Walijipima, wakaona wengine wamewazidi, wakakaa.

Wako wanaojibu kwamba si vyema. Husema mashindano humlea mshindi katika majivuno na mshindwa katika wivu, na kwamba mwenye busara hujua kipimo chake. Mwenda pole hajikwai, wanatukumbusha. Wako wengine wanaojibu upesi kwamba ni vyema tu, kwa kuwa kushinda si kitu, la muhimu ni kushiriki. Jibu la kwanza ni kali na la pili ni la huruma, lakini naona yote mawili yanakwepa jambo lenyewe. La kwanza linamwacha mwanagenzi nyumbani. La pili linamwingiza mbioni, kisha linamwambia kwamba mbio hazina maana. Mtu anayehema kwenye mwinuko, miguu ikimwaka moto na gia nyepesi kuliko zote ikiwa imeshatumika, anajua kwamba anachofanya kina maana. Kama hakina, kwa nini asishuke akapumzike kivulini?

Mtume Paulo hakuogopa kuzungumzia mbio. Aliwaandikia Wakorintho, watu ambao karibu na mji wao yalifanyika mashindano ya Isthmia kila baada ya miaka 2. Walijua vizuri kwamba wakimbiaji ni wengi na taji ni moja, tena la majani yanayonyauka. Paulo aliitumia picha hiyo kuwahimiza wajizuie na wafanye bidii. Lakini tuangalie mahali anapoiacha picha yenyewe. Taji analolisema yeye halinyauki, wala halikuwekwa kwa ajili ya mtu mmoja. Alichokichukua uwanjani ni bidii ya mkimbiaji. Uchache wa tuzo aliuacha huko huko.

Tunaliona jambo hilo wazi zaidi katika mfano wa talanta, katika Injili ya Mathayo sura ya 25. Mtumwa wa talanta tano alileta faida ya tano, na wa talanta mbili alileta faida ya mbili. Tukipanga matokeo kwa hesabu, huyu wa pili ameachwa mbali. Hata hivyo bwana wao aliwapa wote wawili sifa ile ile, neno kwa neno. Hakumwuliza wa talanta mbili kwa nini hakumfikia mwenzake. Aliyelaumiwa ni wa talanta moja, wala hakulaumiwa kwa uchache wa alichopewa. Yeye mwenyewe alieleza kwamba aliogopa, akaenda kuificha ardhini.

Hapa ndipo mwanagenzi anapopata ruhusa ya kusimama mstarini. Lakini ruhusa hiyo ina masharti yake, nami naona ni matatu.

Sharti la kwanza ni kujitoa kweli. Kuna mwanagenzi anayetangaza tangu asubuhi kwamba yeye amekuja kutembea tu. Huonekana mnyenyekevu, lakini mara nyingi anajiwekea akiba ya udhuru, ili akiwa wa mwisho aseme hakujaribu. Hiyo nayo ni talanta iliyofukiwa, ila imevalishwa kofia ngumu. Unyenyekevu wa kweli hukubali kuonekana umejitahidi kwa nguvu zako zote na bado umeachwa.

Sharti la pili ni kuwapisha wenye kasi. Mbio nyingi huwa za mizunguko, na anayeongoza huweza kumfikia wa mwisho kutoka nyuma. Desturi ni kwamba anayepita apaze sauti mapema, aseme atapitia upande gani, naye anayefikiwa asogee mahali palipo salama. Mwanagenzi anayeziba njia kwa kiburi anamnyang'anya mwenzake jasho la miezi mingi. Kumpisha aliyekuzidi, bila chuki na bila kujidharau, ni zoezi la kiroho ambalo wengi hatujalifanya hata ndani ya nyumba zetu.

Lakini bingwa naye ana wajibu. Anayemsukuma mwanagenzi kichakani amesahau mchezo huu ulikotoka. Katika miaka ya 1970, vijana wa Marin County, jimbo la California nchini Marekani, walikuwa wakishuka milima kwa baiskeli kuukuu na nzito. Mbio zao zilizoanza 1976 ziliitwa Repack, yaani kujaza upya, kwa sababu breki zilizokuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma zilipata joto mpaka grisi ikaungua, ikabidi ijazwe nyingine. Hapakuwa na mtaalamu wa kuwafundisha. Miaka 20 baadaye, mwaka 1996, mchezo huo uliingia Olimpiki mjini Atlanta. Mabingwa wote waliofuata wamepita katika njia iliyofunguliwa na wanagenzi.

Sharti la tatu ni kujua kipimo chako mteremkoni. Mahali pagumu, waandaaji mara nyingi huweka njia mbili: fupi yenye mawe na hatari, na ndefu iliyo rahisi. Pia inaruhusiwa kushuka na kuisukuma baiskeli kwa miguu. Mwanagenzi anayefanya hivyo hajapungukiwa imani. Yesu mwenyewe alikataa kujitupa kutoka kinara cha hekalu, ingawa mjaribu alimletea Maandiko. Kumtegemea Mungu ni jambo moja, na kumjaribu kwenye jabali ni jambo jingine. Mke na watoto wanaomsubiri mtu mwishoni mwa mbio nao wana haki juu ya mifupa yake.

Namfikiria hapa Adrien Niyonshuti wa Rwanda. Akiwa mtoto alipoteza ndugu zake katika mauaji ya kimbari ya 1994. Mwaka 2012 aliibeba bendera ya nchi yake katika ufunguzi wa Olimpiki ya London, na tarehe 12 Agosti akashindana katika mbio za baiskeli za milimani. Yeye binafsi hakuwa mwanagenzi wa baiskeli, kwani alikuwa mwendeshaji wa kulipwa barabarani. Lakini nchi yake ndiyo iliyokuwa ikianza, kwa kuwa hakuna Mnyarwanda aliyemtangulia katika mchezo huo kwenye Olimpiki. Siku ile Jaroslav Kulhavý wa Jamhuri ya Cheki alimshinda Nino Schurter wa Uswisi katika mita za mwisho. Niyonshuti alikuwa wa 39. Ukiuliza nani alipata dhahabu, jibu ni moja na ni la haki. Ukiuliza nani alikuwa mwaminifu kwa alichopewa, na kwa alichonyang'anywa, hakuna saa iliyotengenezwa ya kupima hilo.

Mbio hizo zilifanyika Hadleigh Farm, mashariki ya London, katika shamba la Jeshi la Wokovu. William Booth alilianzisha mwaka 1891 ili maskini wa London waliokosa kazi wapate kujifunza kilimo na kufyatua matofali, wasimame tena. Kwa hiyo, zaidi ya miaka 100 kabla ya bingwa yeyote kupita pale, ardhi ile ilikuwa imetengwa kwa ajili ya watu waliokuwa mstari wa nyuma wa maisha, ambao walipaswa kuanza wakiwa watu wazima.

Katika mbio kubwa kuna kanuni inayoitwa ya asilimia 80. Ikiwa anayeongoza alitumia dakika 10 katika mzunguko wake wa kwanza, atakayeachwa nyuma kwa dakika 8 huondolewa njiani. Ni kanuni ngumu, lakini ina sababu: njia ni nyembamba, na wanaoongoza wanaweza kuzuiliwa. Hata hivyo aliyeondolewa hafutwi. Jina lake huandikwa katika orodha ya matokeo, kwa nafasi yake, pamoja na idadi ya mizunguko iliyombakia. Wanadamu wanaoshika saa mkononi wameona ni haki kuiandika kazi aliyoifanya, japo hakuimaliza.

Kama saa ya uwanjani inaweza kutenda hivyo, kanisa lisitende pungufu. Tuwatazame waliosimama mstari wa nyuma kati yetu: mzee anayejifunza kusoma ili aifungue Biblia mwenyewe, mama aliyebatizwa juzi asiyejua bado wakati wa kusimama na wakati wa kuketi, kijana anayesali kwa kigugumizi. Tusiwaambie kwamba mbio hazina maana, wala tusiwaambie wakae. Wenye kasi wapaze sauti kwa upole wanapopita. Na anayepishana nao, wakishapita, arudi njiani akanyage.