Ufa wa Kisigino

Mwalimu mmoja mstaafu wa Morogoro alibadilishiwa goti la kulia, akarudi kutembea kama zamani. Mwaka wa pili alikuwa anakwenda shambani bila mkongojo, na nyumbani hakuna aliyekumbuka kwamba ndani ya mguu ule mna chuma na plastiki.

Kisha magaga yakampasua kisigino. Ufa mmoja ukachimbika, ukatunga usaha. Akaufunga kitambaa, akaendelea kulima. Lakini bakteria wa kisigino wakishaingia kwenye damu hufika kokote, na chuma hakina damu ya kukilinda. Wakinata juu yake, hujifunika utando ambao dawa huupenya kwa shida.

Usiku mmoja goti lilivimba, likawa la moto, na homa ikamtetemesha. Mwanawe akakimbilia duka la dawa, akarudi na vidonge vya rangi mbili. “Baba, meza hivi kwanza, kesho tutaona.” Simlaumu kijana, kila mmoja wetu angetaka baba yake apate nafuu usiku uleule. Ila hapo ndipo mambo yalipoharibika. Homa ilishuka, nyumba nzima ikashukuru, na hospitali ikasahauliwa. Wiki kadhaa baadaye kovu la goti lilitoboka tundu dogo, likawa linachuruzika usaha mwepesi.

Daktari alivuta maji ya goti kwa sindano, yakapelekwa maabara, lakini hakikuota kitu. Vidonge vilikuwa vimewapunguza bakteria wasionekane, bila kuwamaliza. Angewahi siku za mwanzo, maji yakavutwa kabla ya dawa, huenda goti lingesafishwa, kipande cha plastiki kikabadilishwa, chuma kikabaki. Sasa kilitolewa chote, pakajazwa saruji ya mifupa iliyochanganywa na antibiotiki, akakaa wiki nyingi na mguu usiokunjika akingoja upasuaji mwingine.

Siku hizi, akiwa na goti jipya, huosha na kupaka miguu mafuta kila jioni, na mwanawe humkagua visigino na katikati ya vidole, mahali ambapo mzee mwenyewe hafiki kwa macho. Jino likiuma au mkojo ukichoma, hangoji. Kwa daktari wa meno husema kabla hajaketi: nina goti bandia. Na wamekubaliana kwamba goti likivimba ghafla, ni hospitali siku hiyohiyo, hata usiku, na wasipite duka la dawa njiani.