Mtunzi na Kikao cha Wenzake

Watu wengi hudhani kwamba kutunga ni kazi ya mtu mmoja aliyejifungia chumbani na kalamu yake. Dhana hiyo si uongo mtupu, kwa maana hakuna awezaye kumtungia mwenzake. Hata hivyo yatupasa kujiuliza: mtu hutunga kwa ajili ya nani, na ni nani atakayemwambia kwamba alichotunga kinafaa?

Sisi wa Bukoba hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta jibu. Mpiga enanga wa Kihaya hakuziimbia kuta tendi zake. Aliketi kati ya watu wakamsikiliza, na walipochoka, nyuso zao zilimwambia. Mwandishi wa leo hazioni nyuso hizo. Kikundi kidogo cha waandishi humrudishia.

Tena kikundi humpa mtu moyo wa kuendelea. Mwaka 1976 Mugyabuso Mulokozi, mzaliwa wa mkoa wetu wa Kagera, alitoa diwani ya Malenga wa Bara pamoja na Kulikoyela Kahigi. Siku zile mashairi yasiyofuata vina na mizani yalikuwa yakipingwa vikali. Anayepingwa na wengi husimama imara zaidi akiwa na mwenzi mmoja anayemwelewa. Na moyo huo unahitajika sana, kwani safari ya andiko yaweza kuwa ndefu. Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe, humu humu katika Ziwa Viktoria, alimaliza mwaka 1945 hadithi yake ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa lugha ya Kikerewe. Ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981.

Lakini hapa ndipo penye swali gumu. Je, kumtia moyo mwenzetu ni kumsifu tu? Katika kikao chetu cha watu sita, ndani ya darasa la kuazima, kijana mmoja alisoma hadithi yake ya kwanza. Wahusika wake wote walisema kwa sauti moja. Hata bibi kizee wa kijijini alizungumza kama afisa anayehutubia mkutano. Sote tuliliona hilo, na sote tukampigia makofi. Miezi michache baadaye alirudi akatuuliza kwa nini hadithi ile imekataliwa katika shindano, ilhali sisi tuliisifu. Tukatazamana. Tulikuwa tumejiona watu wema, kumbe tulikwepa tu taabu ya kumwambia kweli.

Wala kweli isiyo na upole haifai. Tumewaona vijana waliochekwa mbele ya wenzao, nao hawakushika kalamu tena. Tangu siku ile tulijiwekea utaratibu: anayekosoa aeleze kwanza alichokielewa, kisha aonyeshe mahali alipokwama. Aseme juu ya andiko, asimseme mwandishi. Na asiyekubali kusoma kazi yake asipewe nafasi ya kukosoa ya mwingine, kwa sababu aliyewahi kutetemeka mbele ya wasikilizaji hujua kuchagua maneno.

Wazee wetu walipofanya udugu wa kuchanjiana, uitwao omukago, walitafuna buni iliyotiwa damu yao, na buni ni punje mbili zilizokua ndani ya ganda moja. Upole na ukweli navyo vikae hivyo katika kikao cha watunzi. Ukitoa kimoja ukaacha kingine, undugu huo ni wa jina tu.

Basi tunawasihi walimu na wanafunzi waanzishe vikao vya namna hii shuleni na mitaani. Watu watano au sita watosha. Mwalimu aiache mezani kalamu yake nyekundu, aketi pamoja na wanafunzi wake, naye asome la kwake. Anayejiunga asiulize tu, "Nitapata nini?" Ajiulize pia kama yu tayari kumsikiliza mwenzake kwa makini kama anavyotaka kusikilizwa yeye. Utamaduni wa taifa hukua mahali ambapo watu husikilizana hivyo.