Vya Kale Twavitunza, na Watu Je?

Wako watu huko Ulaya na Marekani watafutao baisikeli za kale za mashindano ya uwanjani, zile zisizo na breki, ambazo pedali huzunguka muda wote gurudumu lizungukapo. Huzitafuta maghalani, huzisugua kutu, huzitunza kama mboni ya jicho. Je, ni kosa? Hatusemi hivyo. Kuiokoa kazi njema ya mikono isipotee ni namna ya kushukuru.

Lakini kila baisikeli ilipandwa na mtu. Tumkumbuke Major Taylor, Mmarekani mweusi, bingwa wa dunia mwaka 1899, ambaye kwa miaka mingi alikataa kushindana siku ya Jumapili. Alikufa maskini huko Chicago mwaka 1932, akazikwa katika kaburi lisilo na alama. Ndipo mwaka 1948 wapanda baisikeli wa zamani walipomhamisha na kumzika kwa heshima.

Basi tujiulize: mtaani petu, ni nani aliyetumika zamani na sasa amesahauliwa? Baisikeli yaweza kungoja ghalani miaka hamsini, ikasuguliwa ikang'aa, mzee hawezi. Twendeni tukamtembelee wiki hii, angali hai.