Hati ya Kukata Miti, na Haki ya Wenye Kivuli

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeiotesha miti katika ardhi akaifanya kuwa chakula, dawa na kivuli kwa viumbe vyake. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: ndugu zetu wa pwani wanaosoma jarida hili watastaajabu kuona darsa ya leo yatoka Kibomet, na habari yake ni ya miti. Lakini jambo lililotupata sisi huku bara ndilo linalowapata wao kila siku huko Mombasa, Malindi na Lamu, nalo si jambo la miti peke yake. Ni jambo la haki, na la mtu kudhani kuwa karatasi yenye muhuri yaweza kumsimamia mbele ya Mola wake.

Kibomet ni mtaa wa mji wa Kitale, katika Trans Nzoia, chini ya Mlima Elgon. Mji huu ulifikiwa na reli mwaka 1926, ukakua kwa mahindi na kwa watu waliokuja kutafuta riziki kutoka kila upande. Leo mashamba yanageuka viwanja, viwanja vinakatwa vipande, na kila uwazi uliosalia baina ya nyumba mbili watazamwa kwa jicho la kodi.

Katika mtaa huu kulikuwa na kiwanja kidogo cha wakfu, na ndani yake mikuyu miwili mikubwa. Ramani ya kiwanja ilikuwa na sharti kwamba miti hiyo isikatwe ila kwa idhini ya baraza la mji. Chini yake walikaa wanawake wauzao mboga, na wazee waliosubiri adhana, na watoto wa chuo wakati wa jua kali. Sisi wasimamizi tukaona kiwanja kimekaa bure. Tukataka kujenga vyumba sita vya kupangisha, ili kodi yake iwalipe waalimu wa madrasa. Nia ilikuwa njema. Tukaandika maombi, tukalipa ada, hati ikatoka: miti na ikatwe. Katika majina yaliyokuwa chini ya maombi yale, la kwangu lilikuwa la tatu. Nami nasema kweli, nilitia mkono nikiwa nimekaa nyumbani, wala sikuondoka kwenda kuutazama mti ninaouhukumu.

Siku shoka lilipofika, mama mmoja katika wale wauzao mboga alinijia akaniuliza kwa adabu: "Sheikh, karatasi hiyo mlipoiandika, na sisi tulihesabiwa?" Sikuwa na jawabu. Nilimwambia kuwa hati imetoka. Akanyamaza, akainama kukusanya vitu vyake. Nami nikarudi nyumbani na neno lake likinifuata njia nzima, na darsa hii ni jawabu nililokosa siku ile.

Basi tutazame kwanza: hati ni nini? Hati ya baraza ni ruhusa ya mtawala kwamba hatakushitaki. Ina faida yake, na Muislamu haimfalii kuivunja sheria ya nchi kwa kujenga bila ya ruhusa. Lakini hati haiwezi kuigeuza dhuluma ikawa haki. Amepokea Bibi Ummu Salama, radhi za Mungu ziwe juu yake, na hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaeleza watu kuwa yeye ni mwanadamu, na wao humletea mashitaka yao, na huenda mmoja akawa hodari wa kusema kuliko mwenzake, akahukumiwa kwa yale yaliyosikiwa. Basi aliyepewa kwa hukumu hiyo kitu cha haki ya ndugu yake, alichopewa ni kipande cha moto. Fikiri, ewe ndugu. Ikiwa hukumu itokayo katika kinywa cha Mtume mwenyewe, kwa dhahiri ya ushahidi, haimhalalishii mtu haki ya mwenziwe, itakuwaje hati ya karani ambaye hakuona ila maelezo tuliyomwandikia sisi? Nasi katika maelezo yetu tuliandika kuwa kiwanja ni kitupu.

Mtu atauliza: hiyo haki iliyodhulumiwa ni ya nani, na kiwanja kina mwenyewe? Jawabu ni kwamba kivuli kina watu wake. Abu Dawud amepokea kwa Abdullahi bin Hubshi onyo kali la Mtume (s.a.w.) juu ya mwenye kukata mkunazi, kwamba Mwenyezi Mungu atamtumbukiza kichwa chake Motoni. Abu Dawud alipoulizwa maana yake, alieleza kuwa hadithi hii ni muhtasari, na makusudio ni mkunazi ulioko jangwani, ambao msafiri na wanyama hujikinga jua chini yake, na mtu akaukata kwa upuuzi na dhuluma bila ya haki yoyote. Tazama vizuri maelezo haya. Wanyama wametajwa pamoja na msafiri, wala hakuna aliyeuliza kama ng'ombe ana hati ya kiwanja. Kadhalika katika Muslim imekuja kuwa Mtume alituhadharisha na kwenda haja katika njia za watu au kivuli chao, kwa kuwa jambo hilo huleta laana. Ikiwa mwenye kukichafua kivuli cha watu yuko katika hatari hiyo, je, mwenye kukiondoa kabisa bila ya kuwauliza?

Tena ziko hoja mbili ambazo watu wetu huzitoa, na haifai kuziruka.

Ya kwanza husemwa: Mtume mwenyewe alikata mitende alipojenga msikiti wake Madina. Ni kweli, imo katika Bukhari na Muslim. Basi hatusemi kwamba kukata mti ni haramu kwa kila hali, na anayesema hivyo amezidisha katika dini. Lakini isome habari yote. Kwanza, Mtume aliwaita wenye kiwanja, Banu Najjar, akawataka wataje thamani yake, nao wakasema kuwa hawataki thamani ila kwa Mungu. Hakutwaa kwa amri. Pili, haja ilikuwa haja ya kweli, nyumba ya ibada ya watu wote. Tatu, mitende ile haikutupwa, bali ilipangwa upande wa kibla, na nafuu ya watu ikabaki pale pale. Ajaye kwa hoja hii na ajipime kwa mambo haya matatu: je, wenye haki waliulizwa? Je, haja ni ya kweli, au ni tamaa iliyovikwa kanzu ya haja? Je, waliokuwa wakinufaika jana watanufaika kesho?

Hoja ya pili husemwa sana pwani: miti mikubwa ina mashetani, na wajinga huifungia vitambaa, huivukizia ubani na kuiomba. Kuikata, wasema, ni kuondoa shirki. Nasi katika jarida hili tumekuwa tukiyapinga mambo hayo, na tutaendelea kuyapinga. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar aliamuru ukatwe mti uliodhaniwa kuwa wa Bai'a ya Ridhwani, alipoona watu wanauendea kusali chini yake. Lakini nawauliza wenye hoja hii: lini mlianza kuuchukia ushirikina wa mbuyu? Kabla ya kiwanja kupata mnunuzi, au baada yake? Umar alikata kwa ajili ya tauhidi, wala hakupangisha vyumba mahali pale. Shirki ina mizizi katika moyo, na shoka lake ni elimu. Ukiukata mti na moyo ukauacha, mwenye moyo huo atatafuta jiwe.

Sasa tutazame yaliyotokea katika nchi yetu, tupate mazingatio. Mjini Nairobi, ilipojengwa barabara ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands, palikuwa na mkuyu wa zaidi ya miaka 100 kando ya Waiyaki Way, ambao Wakikuyu huuita mugumo nao huuheshimu. Ulikuwa umekwisha kusudiwa kung'olewa. Watu wakasimama wakasema, na mwezi wa Novemba 2020 Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri uhifadhiwe, na barabara ikaupisha. Magari yalianza kupita mwaka 2022, na mti ule ukabaki. Kumbe mhandisi aweza kupinda barabara akitakiwa! Lakini miti mingine mingi ya njia ile ile ilikatwa, kwa kuwa haikuwa na jina wala msemaji.

Na huko Kilifi, jirani zenu enyi watu wa pwani, mwaka 2022 mibuyu mikubwa iling'olewa na mizizi yake ili ipelekwe Georgia, nchi iliyo kando ya Bahari Nyeusi. Palikuwa na hati. Watu wakauliza, na Novemba mwaka huo Rais William Ruto akaagiza uchunguzwe uhalali wa ruhusa ile, na kama wananchi walipata fungu lao la haki. Basi ikiwa watawala wenyewe hawaioni hati kuwa ndiyo mwisho wa maneno, vipi sisi tunaosoma Kurani tuifanye kuwa mwisho? Wala tusiwe wepesi wa kuwalaumu wakulima waliouza. Mwenye njaa huuza alichonacho. Wa kulaumiwa kwanza ni jirani mwenye shibe aliyejua thamani ya mbuyu akanyamaza.

Nchi yetu imeandika katika Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 69, kwamba serikali ijitahidi kufikisha miti katika asilimia 10 ya ardhi, na kuwashirikisha watu katika kuyalinda mazingira. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 imeweka kazi ya kuchunguza madhara kabla ya ujenzi mkubwa, na sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019 yataka ujenzi uombewe ruhusa kwa kaunti. Kwa hiyo mlango wa kusema uko wazi. Lakini ni Waislamu wangapi huingia katika mlango huo? Tangazo la ujenzi likibandikwa ukutani tunalipita kama tulipitavyo tangazo la tamasha. Siku mti uangukapo, ndipo tunapokusanyika barazani na kahawa zetu kuilaani serikali. Huu si uchaji Mungu. Kukataza mabaya ni kabla hayajatendeka, na kwa anayeweza kuandika barua, kalamu ni katika jumla ya ulimi.

Kwa hiyo nawausia ndugu zangu, nami nikiiusia nafsi yangu kwanza. Msimamizi wa wakfu asitie mkono katika maombi ya kukata mti mpaka aende kwa miguu yake, akae chini ya mti ule saa ya jua, ahesabu ni nani wakaao hapo. Mwenye kujenga awaulize jirani zake kabla ya kuliuliza baraza. Mhandisi aambiwe achore mara mbili, nyumba bila ya mti na nyumba pamoja na mti, ndipo watu wachague. Na anayelazimika kukata kwa haja ya kweli, apande badala yake mahali ambapo watu wale wale watapata kivuli, wala asipande mche mmoja mbele ya mpiga picha kisha akauacha ufe. Muislamu apandapo mti, akala humo ndege au mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Huenda aliyepanda yuko kaburini, na sadaka yake bado yamfikia. Shoka letu lisiwe ndilo linaloikata.

Mtapenda kujua mwisho wa mambo ya Kibomet. Nilipowarudia wenzangu siku ile ile, mkuyu mmoja ulikuwa umekwisha anguka. Nasema mbele yenu kuwa mkono wangu ulikuwamo katika kuuangusha, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha, na nimewaomba msamaha wale akina mama. Wa pili tuliuzuia. Vyumba sita vimekuwa vinne, vikauzunguka mti. Kodi imepungua, na mishahara ya waalimu haitoshi. Basi pengo hilo twaliziba kwa mchango kila mwezi, nami nimejiandikia fungu langu wa kwanza, kwa kuwa mimi ndimi niliyesema mti ubaki. Haifai mtu kuwa karimu kwa kivuli kisha gharama yake akawaachia waalimu maskini.

Mama yule amerudi mahali pake. Sijamwuliza kama ameniridhia. Namwona kila niendapo kuadhini adhuhuri, na kila nimwonapo nakumbuka kwamba Siku ya Hisabu nitaulizwa swali lile lile, na siku hiyo hapatakuwa na hati ya kuonyesha.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wenye kuijua haki kabla ya kuikanyaga, na utusamehe tuliyoyatia mkono kwa ghafla. Uwape viumbe vyako kivuli duniani, na utupe sisi kivuli chako siku ambayo hakuna kivuli ila chako. Amin.

Wabillahi tawfiq.