Kisima cha waqfu na daftari lake



Ndugu Waislamu, visima vingi vya jiji la Dar es Salaam vilichimbwa baada ya ukame wa mwaka 1997, maji ya mto Ruvu yalipopungua, na misikiti haikubaki nyuma. Muumini mwenye uwezo hutoa fedha kwa ajili ya mzazi wake aliyetangulia mbele ya haki, kibao kikaandikwa jina na tarehe, na majirani, Waislamu na wasio Waislamu, wakapanga madumu. Ni jambo jema, na lina asili yake: Sayyidna Uthman (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma pale Madina akakitoa waqfu.

Sasa tujiulize. Kibao kinasema nani alitoa na lini. Ni wapi palipoandikwa maji yenyewe yalikuwaje siku ile, na leo yakoje?

Utasikia mtu anasema, maji haya hayana tatizo, tunatawadhia miaka yote. Na kweli, madrasa tumefundishwa kutazama mambo matatu: rangi, ladha na harufu. Kipimo hicho ni sahihi kwa kazi yake, nayo ni tohara. Hata maji ya bahari Mtume (s.a.w.) alisema ni tohara, pamoja na chumvi yake yote. Lakini kufaa kwa udhu ni jambo moja, kufaa kwa chupa ya mtoto mchanga ni jingine.

Chukua naitreti. Hii hutokana na vinyesi na mikojo inayozama kutoka vyoo vya shimo, na pia mbolea za bustani. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, na anayeweza kudhurika zaidi ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo, kwani damu yake hushindwa kubeba oksijeni. Mama akichemsha anaua vijidudu, ila naitreti inabaki, tena inazidi kidogo kwa kuwa maji yamepungua sufuriani. Naye masikini amefanya kile alichofundishwa!

Haya hayaji kwa siku moja. Mwaka 2002 jiji lilikuwa na watu takriban milioni 2.5, sensa ya 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 5.3. Shamba lililokuwa na mikorosho likakatwa viwanja, kila kiwanja nyumba na shimo lake la choo, pembeni gereji inayomwaga oili chafu mchangani. Mvua iliyokuwa ikizama ardhini sasa inakuta bati na saruji, inakimbilia mtaroni. Kwa hiyo kisima kilichopimwa kikaonekana salama mwaka kilipochimbwa kinaweza kuharibika bila mtu kukigusa. Na walio karibu na bahari wana mtihani wa pili. Chini ya ardhi maji baridi huelea juu ya maji ya chumvi; kwa hesabu ya wataalamu, mita 1 ya maji baridi juu ya usawa wa bahari hushikiliwa na takriban mita 40 chini yake. Pampu zikiishusha mita ile moja, chumvi inapanda.

Katika Suratul Muuminuun Allah (s.w.) anatukumbusha kuwa ameteremsha maji kwa kipimo akayatuliza ardhini, na kwamba ni muweza wa kuyaondoa. Na Mtume (s.a.w.) alikataza kujisaidia penye maji ya watu, njiani na kivulini, akayahesabu kuwa ni mambo ya kuleta laana. Choo kilicho hatua kumi kutoka kisimani, ambacho pengine ni cha msikiti wenyewe, tukiite nini?

Kamati zetu zina daftari la michango. Ziweke na la maji. Mara mbili kwa mwaka, mwisho wa masika na mwisho wa kiangazi, kisima kile kile kipimwe: kina cha maji kwa kamba, chumvi kwa kifaa cha mkononi, na chupa ipelekwe maabara ya maji ya serikali kutazamwa naitreti na vijidudu vya kinyesi. Ubavuni yaandikwe yaliyobadilika mtaani, nyumba mpya, choo kipya, gereji. Namba moja haisemi kitu. Za miaka mitano zikipanda mfululizo, zimesema. Hapo majirani waambiwe maji haya ni ya kufulia na kutawadha, watoto wasinyweshwe, na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ipewe taarifa.

Wapo watakaosema huko ni kumvunjia heshima aliyetoa waqfu. Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika lundo la nafaka sokoni akakuta chini imelowa, alimuuliza mwenye mali kwa nini hakuiweka juu watu waione. Basi majibu ya maabara yabandikwe pale pale kisimani, chini ya jina la marehemu, na tarehe yake.